Siku Tuliyovunja Jungu Ziwani

Sijawahi kuielewa raha ya kwenda mahali pasipo na shughuli. Kwetu Tanga mtu akionekana anazunguka ufukweni peke yake, mikono nyuma, hatoki sokoni wala haendi msikitini, watu humsogelea wakamuuliza kimempata nini. Guangzhou nikakuta mji ambao watu wazima wenye akili zao huamka alfajiri kwenda bustanini kupiga makofi hewani na kutembea kinyumenyume. Nilikuwa nasomea udaktari pale, mwishoni mwa miaka ya tisini, na mwalimu wetu wa lugha hakuchoka kutuambia: nendeni mlimani, nendeni ziwani, mkavute hewa. Hewa niliivuta bwenini. Nilikaa mwaka wa kwanza, wa pili, nikaingia wa tatu bila kukanyaga bustani ya ziwa la Luhu iliyo chini ya Mlima Baiyun. Siku nilipoikanyaga nilipelekwa na wafanyabiashara wa Kitanzania, watu ambao hawajui kupumzika hata wakiwa na homa, na walikuwa wanampeleka mwenzao ili wamwambie kwamba mama yake amekufa.

Niwaeleze hao watu kwanza. Mwishoni mwa wiki niliwasaidia kutafsiri kwenye maduka ya jumla ya Zhanxi, kwa hiyo niliwajua vizuri kuliko nilivyotaka. Miongoni mwao majina hayakuwa na kazi. Mtu aliitwa kwa mzigo wake. Mkubwa wao kwa umri alikuwa Mzee wa Redio, mtu mrefu mwenye sauti ya khatibu, ambaye kila jambo lililohitaji heshima lilikuwa lake na kila jambo lililohitaji jasho lilikuwa la wengine. Mama Mapazia alikuwa Mzanzibari, mjane, hodari wa biashara na hodari zaidi wa kupika, na alikuwa na tabia ya kuamini kwamba hakuna tatizo duniani ambalo halitatuliwi na chakula. Na alikuwepo Malapa, mtu wa Kariakoo, mnene, aliyekuwa akinunua ndala za mpira na kucheka mizaha yake mwenyewe kabla hajaimaliza.

Malapa nilimdharau kwa namna ya pekee, kwa sababu alinichosha na mama yake. Kila Jumamosi jioni alipiga simu Dar es Salaam kwa jirani yao mwenye simu, na huyo mama alikuwa ameshaketi pale akingoja. Jumapili nzima tulisimuliwa mama kauliza nini. Kauliza kama Wachina wanakula wali. Kauliza kama kuna mbu. Mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, ana kontena lake baharini, anatupotezea muda kwa habari za mbu.

Habari yenyewe ilifika Alhamisi, kwenye mgahawa wa Dengfeng tuliokuwa tukila. Kaka mkubwa wa Malapa alipiga simu pale akamtaka Mzee wa Redio, akamwambia mama amefariki asubuhi ile na atazikwa alasiri, na kwamba wao kule wanamwachia yeye, kama mzazi, amfikishie ndugu yao habari kwa taratibu. Malapa mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Huangpu bandarini na ejenti wake, akifuatilia kupakia mzigo, na angelala huko.

Utaratibu wetu katika jambo hili unajulikana, na sisi watu wa pwani tunajisifu nao. Aliyefiwa ugenini haambiwi kwa simu. Haambiwi akiwa peke yake, haambiwi na mdogo, haambiwi akiwa na njaa. Anakusanyiwa watu, analishwa, halafu mkubwa wa kikao anakohoa na kuanza kuzunguka, maisha haya, binadamu wote wapita njia, mpaka mtu mwenyewe aanze kupiga kelele. Wanauita ustaarabu. Mimi niliuita uoga siku ile na ninauita hivyo leo.

Tukakaa kikao meza ya nyuma, karibu na jiko.

"Kesho analodi," alisema Mzee. "Mwacheni alodi kwanza. Kontena likikosa meli, misiba inakuwa miwili."

Wote wakatikisa vichwa kwa hekima. Mama wa mtu anakwenda kaburini, na wao wanaogopea meli.

"Kesho jioni basi," nilisema, "akirudi hotelini."

"Hotelini pale atalia vipi?" aliuliza Mama Mapazia. "Kuta zile za karatasi. Laoban wa chini, mwenye hoteli, atapiga simu polisi. Mtu wa watu anataka pahali pa kulia, pana hewa."

Hapo ndipo mmoja wao akakumbuka kwamba Ramadhani iko mlangoni, na kwamba watu hawajavunja jungu. Kwa wasiojua: kuvunja jungu ni ile karamu ya siku za mwisho kabla ya kufunga, watu wanatoka pamoja, wanakula na kufurahi kwa ajili ya mwezi mzima wa kujizuia. Basi tukavunje jungu Jumamosi, walisema, kule ziwani chini ya mlima, na baada ya kula Mzee atamwambia. Wakafurahi kwa ule ujanja wao. Nikaona kabisa kwamba wameshaanza kuzungumzia nyama.

"Lakini jioni ya Jumamosi atapiga simu kwa mama yake," nilisema.

"Mpaka jioni atakuwa ameshaambiwa, binti."

"Kwa nini asiambiwe leo? Si anayo pija kiunoni ya kuitiwa? Aitwe."

Mzee alinitazama kwa huruma. "Huko chuoni mnafundishwa kupasua watu," alisema. "Huku hatupasui."

Laiti angejua. Hospitali niliyokuwa nikijifunzia, mgonjwa mwenye saratani aliambiwa ana vidonda vya tumbo, na jamaa zake walipewa ukweli kwenye korido, kwa kunong'onezwa. Nilitoka kwenye nchi ya kuficha nikaingia kwenye nchi ya kuficha, nikiwa na daftari la Kichina lililojaa maneno ya magonjwa ambayo sikuruhusiwa kumtamkia mwenye nayo.

Jumamosi asubuhi tulikutana mbele ya mgahawa. Mzee wa Redio alikuwa amevaa suti, na lebo ya kiwanda bado imeshonwa kwenye mkono wa koti ili watu wajue ni mpya. Viatu vyake vilikuwa vya ncha, vya Zhanxi, vya kuingilia harusini. Mama Mapazia alikuwa amepika pilau tangu alfajiri na sufuria nzima ilikuwa imeviringishwa blanketi, ikatiwa ndani ya mfuko wa shangazi kaja, ule wa miraba wa kusafirishia nguo. Kulikuwa na mikeka, chupa za chai, kreti la soda, birika, na kitu kilichofunikwa kanga ambacho baadaye nilikuja kujua ni jiko la mkaa. Walikuwa wanahama, sio wanatembea. Nyuma yao walisimama vijana wa biashara wengine wa kufuata mkumbo, ambao kazi yao ilikuwa kula na kuwa mashahidi.

Malapa akaja amevaa kofia nyekundu ya michezo na raba nyeupe, anacheka kutoka mbali.

"Jamani! Jumamosi hii mmefunga shughuli zote kwa ajili ya jungu?"

"Ramadhani ni Ramadhani," alisema Mzee. "Lete huo mkoba nikubebee, mwanangu."

Malapa aliutazama ule mkono ulionyooshwa, akamtazama Mzee usoni, kisha akampa mkoba. Akacheka tena. Nikasema moyoni, mjinga huyu hata hashangai.

Tukapanda teksi mbili. Sikuwa nimetazamia lolote kutoka kwenye lile ziwa, na hata hivyo lilinivunja moyo. Mtu aliyezaliwa kando ya bahari akionyeshwa maji yaliyozungushiwa ukingo wa saruji, akaambiwa ashangae, anaona ametukanwa. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia, na yana vikombe vya plastiki pembeni. Nyuma yake vilima vilipanda taratibu kuelekea Baiyun, ukungu juu, na njia za mawe zilizosafishwa na kuwekwa vibao kila baada ya hatua chache, hapa pana mandhari, simama utazame. Na watu walisimama kweli, wakatazama.

Walikuwepo wazee waliotundika vizimba vya ndege kwenye matawi, eti ndege nao wapunge hewa. Mwanamke mmoja alikuwa akiupiga mgongo wake kwenye mti, tu, tu, tu, na macho ameyafumba kwa utamu. Kwenye kiwanja cha chini watu wa umri wa bibi yangu walikuwa wakicheza dansi la kizungu wawili wawili, mbele ya redio iliyofungwa kwenye baiskeli, wamekunja nyuso kana kwamba ni mtihani. Wengine walitembea kinyumenyume kando ya maji, na mmoja nusura aingie kwenye shangazi kaja letu. Alipogeuka akaona sisi ni nani, aliita mke wake, na mke wake akaita kamera.

Tukapigwa picha sana asubuhi ile. Malapa alikubali kila picha. Alishika watoto wa watu, alimvalisha babu mmoja kofia yake, alijifanya naye anaupiga mti kwa mgongo mpaka watu wakakaa chini kwa kicheko. Mimi nilisimama mbali na mikono yangu kwapani. Ilikuwa Disemba na baridi ya pale si ya kuonekana. Inaingia mifupani kwanza.

"Twende tukapande kidogo mlimani," alisema Malapa. "Tutafute njaa."

Mzee hakuweza kukataa, kwa sababu siku ile hakuna aliyeweza kumkatalia Malapa neno. Tukapanda. Mzee alipanda kwa viatu vya harusi, akishika miti, lebo yake inang'aa, na kila alipoteleza alitazama kama kuna mtu ameona. Mama Mapazia alipanda akimhimiza kwa jicho: sema, sema sasa. Naye alimjibu kwa jicho: hajala. Tulipofika mahali pa kutazama ziwa lote kwa chini, Malapa alivua kofia akapepea uso.

"Jioni nitamwambia mama nimepanda mlima," alisema. "Ataniuliza nilifuata nini huko juu."

Mzee alianza kukohoa, nikadhani anaanza, kumbe alikuwa anakohoa tu.

Tukateremka tukatandika mikeka chini ya misonobari. Mama Mapazia alilitoa lile jiko la mkaa ili achemshe kahawa, na moshi haujapanda vizuri, mlinzi wa bustani akatokea na kitambaa chekundu mkononi, anapiga filimbi. Moto marufuku. Nikaitwa kutafsiri. Mama akaniambia nimweleze kwamba moto wenyewe ni mdogo. Mzee akaniambia nimweleze kwamba sisi ni wageni wa nchi yake. Mlinzi alisema bu xing, haifai, kwa kila maelezo, mpaka Mama akafunua sufuria. Ile harufu ilipomfikia aliitia filimbi mfukoni. Akala sahani yake amesimama, jiko akalizima mwenyewe kwa maji ya birika letu, akaondoka ameridhika. Serikali imefanya kazi yake na tumbo limefanya kazi yake.

Malapa alikula. Mama Mapazia alimwekea vipande vya nyama ambavyo kwa siku za kawaida vingepiganiwa mtu na mtu. Mzee alimchagulia mnofu kwa mkono wake mwenyewe. Mwingine alimmiminia soda. Mtu asiyejua angedhani tunamwoza.

"Mmh," alisema Malapa, mdomo umejaa. "Hii pilau lazima nimsimulie mama. Ataniuliza iliki mmeitoa wapi huku."

Mwiko ukamdondoka Mama Mapazia mkononi. Akauokota, akaufuta kwa kanga, akasema iliki aliinunua kwa wauza dawa za miti shamba, karibu na msikiti.

Basi ameshakula. Wote tukamtazama Mzee. Mzee aliosha mikono polepole, kidole kwa kidole, akaikausha, akanong'ona, "Iteremke kwanza." Ilipoteremka, akasema watu waswali kwanza. Wakasali pale kando ya maji, na wapiga picha wakajipanga tena, na babu wa kofia akatoa kichwa chake kwenye kundi akijaribu kuona nini kinatafutwa pale chini kwenye mkeka. Walipotoa salamu ya mwisho, nikasema sasa. Uso wa Malapa ulikuwa umetulia, watu wamemzunguka, tumbo limeshiba, mkubwa yuko. Kila sharti la ustaarabu wao lilikuwa limetimia. Mzee alivuta pumzi, akatazama ziwa.

"Vile ni vyombo gani?" aliuliza.

Vilikuwa vijimashua vya plastiki vya umbo la bata, vya kukanyaga kwa miguu, vinavyokodishwa kwa saa. Bata wa manjano, wana midomo myekundu na macho yaliyochorwa. Mzee alisema atapanda na Malapa, wawili peke yao, wapate kuzungumza. Alinikonyeza alipokuwa anasema hivyo.

Mimi na Mama Mapazia tulipanda bata wa nyuma. Mama alikaa amekusanya buibui lake magotini na hakukanyaga hata mara moja, kwa hiyo nilimwendesha mimi, peke yangu, nikizunguka kama punda wa kinu. Mbele yetu vilisogea vichwa viwili, kofia nyekundu ya Malapa na kofia ya kitambaa ya Mzee.

"Anamwambia," alisema Mama. "Ona alivyomwinamia. Ya Rabbi mpe subira." Akaanza kulia kabla ya wakati.

Kisha kicheko cha Malapa kikapita juu ya maji, kirefu, cha mbavu. Mzee alikuwa amenasa ncha ya kiatu chake kwenye pedali na alikuwa anajaribu kuivuta bila kuinama. Wakazunguka kisiwa, wakarudi. Waliposhuka, nilimvuta Mzee pembeni.

"Umemwambia?"

"Ndani ya bata?" Alikuwa amekasirika kweli. "Mtu mzima aambiwe mama yake amekufa akiwa ndani ya bata? Na akijitosa?"

"Maji yanafika kiunoni, Mzee."

"Wewe binti huna adabu," alisema, na kwa hilo sikubishana naye.

Sijui niuelezeje mchana uliobaki. Jua halikuwa na nguvu. Tulitazama wazee waliovua nguo katika baridi ile wakajitupa ziwani kuogelea, mahali palipoandikwa kwa maandishi makubwa kwamba kuogelea ni marufuku, wakatoka wekundu wakijipiga vifua. Tulitazama tiara zikirushwa na watu wenye wajukuu. Tulikunywa chai iliyopoa. Mmoja mmoja, wale wa kufuata mkumbo walikumbuka wana mtu wa kumwona Zhanxi wakaondoka, na kila aliyeondoka alimpa Malapa mkono kwa muda mrefu mno. Mama Mapazia alimsukumia Mzee, Mzee alimsukumia Mama kwamba mwanamke ana ulimi laini, Mama akasema hayo ni ya wanaume. Malapa alikuwa amejilaza kwenye mkeka, kofia usoni, na kila baada ya muda sauti ilitoka chini ya kofia.

"Saa ngapi? Nisije nikapitwa na simu."

Mara ya kwanza aliposema nilidhani ni ujinga. Mara ya tatu niliinuka nikaenda kusimama kando ya maji. Huko Dar es Salaam ilikuwa siku ya tatu, watu wako kwenye hitima, na huku mwanawe yuko kwenye mkeka anaulizia saa, na watu wazima waliokula sahani mbili mbili wanachezea majani. Niliwadharau mpaka nikahisi joto. Niliidharau suti, niliidharau sufuria, niliidharau milima yenyewe kwa kukaa pale imepambwa na ukungu kana kwamba ni siku nzuri.

Jioni tukakunja mikeka. Langoni kulikuwa na kibanda cha simu, cha kupiga nchi za nje, ndani yake mama mmoja aliyevaa mikono ya kitambaa juu ya sweta lake, anafuma. Malapa akakiona, akajipapasa mfukoni.

"Hapa hapa panatosha," alisema, akatangulia.

Mzee wa Redio alinishika mkono juu ya kiwiko, akaniumiza. "Mwambie huyo mwanamke aseme meiyou," alininong'oneza. "Simu hakuna, laini imekatika. Mwambie kwa Kichina, haraka. Tukifika Dengfeng nitamwambia, wallahi, nikikaa kitini tu."

Nilimtazama yule mama wa kibanda. Alikuwa ameinua macho, tayari kututumikia. Neno lenyewe ni jepesi, nililisikia sokoni kila siku, na angeweza kulikubali kwa tabasamu bila kuuliza. Mama Mapazia alinishika mkono wa pili. "Mwanangu, tufichie," alisema.

Nilijinasua kwa wote wawili. Nilikwenda mpaka kibandani, Malapa ameshaweka mkono kwenye simu, na kwa kuwa sikuwa mkubwa, sikuwa mwanamume, sikuwa ndugu, na sikuwa na maisha haya wala wapita njia vya kuanzia, nilisema tu.

"Kaka, mama amefariki. Alhamisi asubuhi. Wamemzika siku ile ile."

Hakushtuka. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kwamba hakushtuka hata kidogo. Aliweka simu mahali pake akavua kofia.

"Ahsante, daktari," alisema.

"Nilijua tangu asubuhi," alisema. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anawaambia wale wawili waliosimama nyuma yangu. "Mzee, wewe hujawahi kunibebea hata kiberiti. Jumamosi, Zhanxi iko wazi, mmefunga shughuli. Nikasema, ni mama. Basi nikangoja. Nikapanda mlima, nikasema labda huko juu. Nikala, mkasema iteremke. Nikapanda bata. Nimecheka mpaka mbavu zinaniuma, jamani. Kila nikimtaja naona mnageuza nyuso. Nimemtaja makusudi."

"Si ungesema mwenyewe kwamba unajua?" niliuliza.

"Nijipe habari mimi? Msiba ni wangu. Nimengoja mtu aniambie, nilie."

Akakaa kwenye ukingo wa barabara na raba zake nyeupe akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kama walivyoogopa kwamba atalia, na hakuna aliyepiga simu polisi. Watu waliokuwa wakitoka bustanini na vizimba vyao walipunguza mwendo, wakaona, wakapita mbali kwa heshima. Ndipo Mzee wa Redio akasogea, akafungua mikono, akatamka "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un" kwa sauti yake ya khatibu, yote, imekamilika, sauti ya mtu aliyemaliza kazi ngumu. Akaanza maisha haya. Akaanza wapita njia. Alikuwa ameikariri tangu Alhamisi na hakutaka ipotee bure.

Malapa alimwacha amalize. Kisha akajifuta uso kwa ile kofia, akasimama, akarudi kibandani, akamwonyesha mama wa simu namba iliyoandikwa kwenye kadi yake.

"Jamaa zangu," alisema. "Wanangoja wajue nimefikiwa na habari."

Simu ililia kule mara moja tu. Aliyeipokea alikuwa kama amekaa juu yake. Kibanda kilikuwa kidogo na mimi nilikuwa karibu, nikasikia kila kitu: nyuma kabisa, kwenye nyumba ya pili, watu wengi wakisoma kwa pamoja, ile sauti ya hitima inayopanda na kushuka, na mbele yake sauti ya msichana.

"Kaka? Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mko wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi."

"Mama yupo?"

Kisomo kilipanda. Msichana alisema kwa haraka, bila kuvuta pumzi, kama mtu aliyefundishwa: "Mama hajambo. Amelala kidogo. Amesema nikusalimie."

Nilimtazama Malapa nikingoja. Aliifunika simu kwa kiganja, kisha akaifunua.

"Msimwamshe," alisema. "Mwambie nami nimemsalimu. Mwambie leo nimekula pilau."

"Nitamwambia, kaka."

Akaiweka simu. Nilipandwa na hasira nikashindwa kuizuia, nikamuuliza kwa nini hakumwambia yule msichana kwamba anajua, tena yeye, baada ya haya yote aliyowasema wenzake.

"Yule ni mdogo wetu wa mwisho," alisema. "Wamemweka pale peke yake kwenye simu. Nimpasulie mtoto kwa simu?"

Mzee wa Redio alitikisa kichwa kukubali, na Mama Mapazia naye akatikisa, kisha wote watatu wakanitazama mimi. Niliwadharau kwa moyo wangu wote, nikakaa nao pale ukingoni, tukalia pamoja mpaka taa za lango zikawashwa.